Mbona mnanitoza kuunganisha wakati Ctrl+J ni bure?

Juzi mteja alitutumia ujumbe wa sauti WhatsApp, dakika nne nzima, eti tumempiga. Alileta sungura wa katuni za watoto aliyechongwa kwenye Blender, programu ya kuchonga sanamu za 3D kwa kompyuta: kichwa kivyake, masikio kivyake, kiwiliwili na mikono vivyo hivyo. Kwenye ankara akakuta "kuunganisha, siku tatu". Kijana wa ofisini kwake akamwonyesha: chagua vyote, bonyeza Ctrl+J, kwisha.

Kwisha kweli, ila Ctrl+J haishoni. Fundi akikusanya mikono, kola na kiwiliwili akavitia kwenye mfuko mmoja, bado huna shati. Vipande vya sungura vinapata jina moja kwenye orodha, lakini ndani ya shingo kuta zinapishana na hakuna nukta iliyoshikana na mwenzake. Siku ya kumgeuza kichwa, shingo inafunguka ufa. Na bwana huyu ufa huo alishauona, maana alikuja kwetu baada ya kumlipa mtu wa animesheni kwa kazi iliyomlazimu kuitupa.

Wengine hukimbilia remeshi ya vokseli, yaani kuiachia programu ijenge upya ngozi nzima ya sanamu kwa vijisanduku vidogo (vokseli). Sisi wenyewe tunaitumia kila siku: inayeyusha vipande vinavyoingiliana, kuta za ndani zinafutika, ngozi inakuwa moja. Balaa liko kwenye kipimo cha vokseli. Blender huanza na sentimita 10. Mpitishe hapo mhusika wa mita 1.7 uone, vidole vyote vinapotea anabaki na mwiko. Basi mtu anashusha kipimo mpaka kompyuta inaganda, kwa sababu kila ukikigawa nusu, idadi ya poligoni, vile vipande bapa vinavyounda ngozi, inapanda karibu mara nne. Na kama ulimkuza au kumpunguza mhusika halafu hukusawazisha skeli (vipimo vyake vya ukubwa) kwa Ctrl+A kwanza, kipimo unachosoma sicho unachopata.

Dada mmoja alituletea jitu la poligoni milioni tatu lililopita njia hiyo. Kwa macho, zuri. Lakini miraba yake imepangika kama vigae vya sakafu, haijui kiwiko kiko wapi. Tulipokunja mkono, kiwiko kikabonyea kama mpira ulioishiwa upepo. Rangi aliyokuwa ameipaka nayo ilikuwa imeshakwenda na UV zake, ile ramani inayoonyesha rangi ikae wapi juu ya ngozi.

Kwa sungura, remeshi ilikuwa kazi ya nusu siku tu, pamoja na kuziba matundu, kugeuza nyuso zilizotazama ndani na kulainisha mshono wa shingo kwa mkono. Muda uliobaki ni retopolojia: kuchora wavu mpya wa miraba juu ya sanamu, mizunguko ya mistari yake ifuate macho na mdomo, kila kiwiko na goti lipate mizunguko mitatu, kisha kurudisha mikunjo na manyoya. Pale masikio yanapoota kichwani nilikaa asubuhi nzima, na sioni haya kuitoza. Alitoka milioni 2.4 akaishia poligoni 9,800.

Si kila kitu kinaunganishwa, lakini. Mboni, meno, vifungo na miwani tunaviacha peke yake. Anayekutoza kuviunganisha ndiye anayekupiga. Na kama mhusika ni wa picha ya kusimama tu, sema mapema, retopolojia tunaiondoa na bei inashuka zaidi ya nusu.

Tuletee faili la kabla ya remeshi, vipande vikiwa bado mbalimbali, mikono imenyooshwa pembeni. Mikono iliyogandana na mapaja tunaiongezea siku.