Barua ya wazi kwa vijana wa uhusiano mwema Mombasa

Wanangu,

Salamu kwenu nyote mnaozisemea hoteli, bandari, kaunti, mashirika na wasanii wa mji huu. Ninachowaandikia ni kimoja. Taarifa zinazopelekwa kwa wahariri siku hizi zimejaa sifa na kupungukiwa na habari, na mhariri akishazoea kufuta taarifa za mtu bila kuzisoma, hata yenye maana itafutwa.

Kazi yenu ilianza kwa chuku. Mwaka 1835 huko Marekani, P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho, alimtembeza bibi mtumwa aliyeitwa Joice Heth, akimnadi kuwa ana miaka 161 na kwamba ndiye aliyemlea George Washington. Bibi huyo alipofariki mwaka uliofuata, daktari aliyempasua alikadiria kuwa hakuzidi miaka 80 hivi. Tiketi zilikuwa zimeshauzwa. Wapiga debe wengi walifuata njia hiyo, wahariri wakawachoka.

Mwaka 1906 Ivy Lee, aliyewahi kuwa mwandishi wa magazeti, aliwatangazia wahariri kwamba ofisi yake itafanya kazi hadharani, itamtaja anayewakilishwa, na itamsaidia mwandishi yeyote anayetaka kuhakikisha jambo. Oktoba mwaka huohuo treni ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, watu zaidi ya 50 wakafa. Makampuni ya reli yalizoea kuficha ajali. Lee, aliyekuwa akiifanyia kazi Pennsylvania Railroad, aliwaandikia wanahabari yaliyotokea, na New York Times ikaichapa taarifa hiyo kama ilivyokuwa.

Kisa hicho mmefundishwa. Kinachofuata hakitajwi sana, na ndicho ninachotaka mkishike. Mwaka 1914 wachimba migodi waliogoma pamoja na jamaa zao, wakiwemo watoto, waliuawa Ludlow, Colorado. Lee akaajiriwa na akina Rockefeller, matajiri waliokuwa na hisa kubwa katika kampuni ya migodi. Katika makaratasi aliyosambaza, malipo ya mwaka mzima ya viongozi wa chama cha wafanyakazi yaliandikwa kana kwamba ni ya wiki tisa. Takwimu zilitoka kwa wenye migodi. Tume ya serikali ilipomhoji, alikiri kwamba hakuchukua hatua yoyote kuzihakiki. Mtu yuleyule aliyewafungulia wanahabari mlango aliharibu jina lake kwa tarakimu alizopewa na mteja.

Basi mteja akisema hoteli imejaa, mwombe ripoti ya vyumba. Akisema mradi utaajiri watu 500, muulize ni ajira za kudumu au vibarua wa miezi mitatu. Asipokuwa na karatasi ya kuonyesha, iondoe tarakimu hiyo. Atanuna, mwache anune.

Sasa taarifa yenyewe. Nyingi huanza hivi: "Hoteli yetu ya kifahari inayo furaha kubwa kuwatangazia wadau wake wote..." Maneno 11 yamepita, habari haijaanza. Andika: "Vijana 40 wa Likoni wataanza mafunzo ya upishi bila malipo Jumatatu, Machi 3." Nani, nini, wapi na lini viishie ndani ya aya ya kwanza. Usiandike "wiki ijayo", maana taarifa yaweza kusomwa wiki hiyo ijayo. Jumla yake iwe ukurasa mmoja, maneno 300 hadi 400, na nukuu moja au mbili za mtu anayezungumza kama binadamu. Bandika maneno ndani ya barua pepe yenyewe. Kiambatisho peke yake humchelewesha mhariri. Picha zitume kando zikiwa na ukubwa wake wa asili. Ukizipitisha WhatsApp kama picha za kawaida hubanwa, zikifika gazetini ni ukungu. Chini ya kila picha andika majina na vyeo, kutoka kushoto kwenda kulia. Hakikisha herufi za majina na mwenyewe, si kwa kukisia. Weka nambari ya mtu atakayepokea simu mpaka habari za usiku zipite.

Lugha je? Redio zetu za Pwani hutangaza kwa Kiswahili, nanyi mwawapelekea Kiingereza kitupu. Mtangazaji hufasiri mbiombio akiwa studio, na hapo ndipo milioni hugeuka bilioni. Andika nakala ya Kiswahili wewe mwenyewe, uambatishe sauti ya sekunde 20 hadi 30 ya msemaji wenu.

Kikao na wanahabari kiwe saa nne asubuhi. Runinga zina taarifa ya habari saa saba mchana, na ya Kiswahili saa moja usiku. Ukianza saa nane, ya kwanza imekupita na ya pili inakubana. Wapigaji picha wakitakiwa kuvuka Likoni, ongeza muda wa feri. Ijumaa adhuhuri usiite mtu.

Likitokea janga, wageni wamedhurika kwa chakula au chombo kimezama, toa neno la kwanza ndani ya saa moja hata kama ni sentensi tatu: mnalolijua kwa hakika, mnalolifanya sasa, na saa mtakayozungumza tena. Chanzo msikikisie. Jina la marehemu lisitoke kabla jamaa zake hawajaarifiwa. Saa mliyoahidi ikifika, jitokezeni hata kama hakuna jipya, la sivyo uvumi utajaza nafasi yenu.

Mwaka 1929 Edward Bernays, mtu wa kazi hii yenu huko Marekani, aliwapanga wanawake wavute sigara hadharani katika gwaride la Pasaka New York, ionekane ni suala la uhuru wao, na kampuni ya tumbaku iliyogharimia ikabaki kivulini. Leo mwawalipa vijana wenye wafuasi wengi mitandaoni wasifie bidhaa. Waambieni waandike kwamba wamelipwa. Na ile bahasha ya "nauli" kwa wanahabari, iacheni. Mahali ni mbali? Kodini gari moja la kuwapeleka wote, na msimwulize yeyote ataandika nini.

Mteja akidai ripoti, msimpimie sentimita za habari yake gazetini na kumwambia zingegharimu kiasi gani kama zingekuwa tangazo. Wataalamu wa upimaji waliokutana Barcelona mwaka 2010 walikikataa kipimo hicho. Mwonyesheni ni vijana wangapi walichukua fomu, wangapi walipiga simu, na wangapi kati yao walisema wamesikia redioni.

Mzee wenu,
Mombasa