Bima Imesema Pikipiki Yako ni Hasara Kamili? Kiasi Walichokutajia Kinajadilika

Mteja akipata barua ya bima inayosema pikipiki yake ni "hasara kamili", yaani gharama ya kuitengeneza ni kubwa mno ikilinganishwa na thamani yake, jambo la kwanza analofanya akifika hapa kwetu ni kutoa simu na kutuonyesha picha za ajali. Shokapu za mbele zimepinda, tangi limebonyea, taa haipo. Anataka tukiri kwamba ajali ilikuwa mbaya. Tunakiri. Lakini bima nayo imeshakiri, ndiyo maana ikaandika hasara kamili. Hapo hakuna wa kubishana naye. Mabishano yako kwenye swali jingine kabisa: dakika moja kabla ya kuanguka, pikipiki hii ingeuzwa kwa kiasi gani?

Sisi ni karakana ndogo ya pikipiki, na sehemu ya kazi yetu ni kuwaandikia wateja ripoti ya hali na thamani ya pikipiki wanapodai bima. Tumeona watu wakilipwa kidogo kuliko haki yao kwa sababu walitumia nguvu zote kueleza ajali na hawakusema lolote kuhusu pikipiki yenyewe ilivyokuwa siku ile asubuhi.

Kwanza, hesabu yao inavyokwenda. Pikipiki hufikia hasara kamili kwa urahisi kuliko gari. Ikilala upande mmoja kwenye lami, hata kwa mwendo wa kawaida, inachubua kava za plastiki, tangi, ekzosi, usukani, kioo, indiketa na pedeli ya gia, vyote kwa mpigo, na mkadiriaji anaweza kuhesabu kila kimoja kwa bei ya kipuri kipya. Fremu ikionekana imepinda, mara nyingi hesabu huishia hapo, maana kubadili fremu ni kuivua pikipiki nzima na kuiunda upya. Kwa hiyo usishangae injini inawaka kwa mguso mmoja na bado barua inasema imekwisha.

Kiwango cha kusema "imekwisha" hakifanani kila mahali. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake: Florida ni hasara kamili matengenezo yakifika asilimia 80 ya thamani, Texas asilimia 100. Majimbo mengine, California ikiwemo, hujumlisha gharama ya matengenezo na thamani ya mabaki, kisha hulinganisha jumla hiyo na thamani ya chombo kabla ya ajali. Ujerumani wana la kwao: anayemdai aliyemgonga anaweza kutengeneza chombo chake hata gharama ikifika asilimia 130 ya thamani, mradi kitengenezwe sawasawa na aendelee kukitumia. Wewe soma mkataba wako na uulize kwa maandishi: mmetumia kanuni gani?

Swali hilo lina faida kuliko linavyoonekana. Tuseme bima imeipa pikipiki yako thamani ya 100. Matengenezo yamekadiriwa 68. Mabaki, yaani pikipiki ilivyo sasa na injini yake nzima, yana mnunuzi wa 35. Kwa kanuni ya kujumlisha, kama ile ya California, jumla ni 103, imepita 100, basi hasara kamili. Sasa tuseme umethibitisha kwamba thamani halisi ilikuwa 115. Jumla ile ile ya 103 iko chini, na chini ya kanuni hiyo pikipiki inaweza kurudi kwenye kundi la kutengenezwa. Ndiyo, unaweza kudai thamani ipande ukajikuta umeirudisha pikipiki fundi. Kama unachotaka ni fedha, na si pikipiki, fahamu hilo kabla hujaanza kusukuma.

Waombe walichokipigia hesabu

Bima kubwa, ile inayofidia hata chombo chako mwenyewe, kwa kawaida inalipa thamani ya soko ya pikipiki kabla ya ajali, na haivuki kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Wengi hukwama hapa. Mtu alikata bima kwa bei aliyonunulia miaka mitatu iliyopita, amelipa ada kwa kiasi hicho kila mwaka, na anadhani ndicho atakachopewa. Lakini kanuni ya bima ni kukurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, bila kukupa faida. Isipokuwa mkataba wako unasema mmekubaliana thamani mapema. Wenye mikataba ya namna hiyo ni wachache, na ukiwa mmoja wao, soko likishuka au likipanda unalipwa kiasi kile mlichoandikiana.

Basi ukipigiwa simu na kutajiwa kiasi, usikubali wala usikatae. Omba ripoti ya mkadiriaji na mlinganisho wa bei alioutumia. Kisha kaa chini uisome ripoti hiyo kama unavyosoma risiti ya fundi usiyemwamini.

Angalia toleo la pikipiki. Mteja wetu mmoja aliandikiwa toleo la kawaida, ilhali lake lilikuwa lenye breki za ABS. Jina la modeli ni lile lile, mwaka ule ule, ila bei sokoni ni tofauti. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi; mtu alichagua mstari usio wake kwenye kompyuta. Marekebisho yalichukua siku mbili na kiasi kikapanda bila ugomvi wowote. Angalia pia mwaka wa kutengenezwa, kilometa, ukubwa wa injini, na neno waliloandika kwenye hali ya pikipiki. "Wastani" ni neno dogo linalokula fedha nyingi. Ukiulizwa kwa nini hustahili "wastani", uwe na jibu.

Jibu hilo ni makaratasi. Risiti za sevisi zenye tarehe na kilometa. Risiti ya tairi mpya, cheni na sproketi, betri, pedi za breki. Picha za pikipiki kabla ya ajali, hata zile ulizopiga kwa kujionyesha tu; simu huhifadhi tarehe ya picha, na picha ya sherehe yenye pikipiki safi nyuma yako imewahi kumsaidia mteja kuliko maneno yote aliyokuwa amesema. Kama ulikuwa na fundi mmoja anayeijua pikipiki yako, aandike barua fupi yenye saini na muhuri.

Usitegemee kurudishiwa kila senti uliyoitumia kwenye matengenezo, lakini. Tairi mpya inaonyesha pikipiki ilitunzwa, na inapandisha hali yake; haiongezi thamani kwa bei kamili ya tairi. Atakayekuja na jumla ya risiti zote za miaka miwili na kudai alipwe zote ataonekana hajui anachodai, na hata hoja zake nzuri zitapita bila kusikilizwa.

Halafu tafuta pikipiki kama yako zinazouzwa sasa. Tano au sita zinatosha, zenye mwaka, toleo na kilometa zinazokaribiana na zako. Hifadhi tangazo zima, lenye tarehe na bei, kwa sababu matangazo hufutwa. Bima itakwambia bei ya tangazo si bei ya kuuzia, na ni kweli, watu hupatana. Jibu ni kuwauliza wanapunguza asilimia ngapi na kwa ushahidi gani. Na usichague zile za juu peke yake. Weka na ya chini moja, ueleze kwa nini hailingani na yako. Anayesoma faili huwaamini watu wa namna hiyo.

Barua ya kupinga

Tunawashauri wateja waandike wenyewe, kwa kifupi, bila hasira. Anayeipokea barua hiyo pengine si yeye aliyetoa kiasi cha kwanza, na ana rundo la faili mezani. Mfano wa barua tuliyosaidia kuandika, baada ya kuondoa majina:

"Nimepokea kiasi mlichopendekeza kwa pikipiki yangu. Sikikubali kwa sababu mbili. Ripoti yenu imeandika kilometa 41,000. Kumbukumbu ya sevisi niliyoambatanisha inaonyesha 24,000 wiki mbili kabla ya ajali. Pili, pikipiki mbili kati ya tatu mlizolinganisha ni za mwaka wa nyuma zaidi ya yangu. Naambatanisha matangazo matano ya pikipiki za mwaka na toleo langu. Naomba mpitie upya thamani na mnijibu kwa maandishi. Wakati mkiendelea kupitia, naomba mnilipe kiasi ambacho hakina ubishi, bila kuathiri haki yangu ya kudai tofauti."

Sentensi ya mwisho ndiyo watu wengi hawaijui. Siyo kila bima hukubali, ila kuomba hakugharimu kitu, na inakuondolea ile njaa ya fedha inayowafanya watu wasaini haraka.

Kusaini, hasa. Kabla ya malipo utaletewa hati ya kukiri kwamba umelipwa na dai limekwisha. Ukiona maneno "malipo kamili na ya mwisho", jua kwamba kalamu ikishagusa karatasi ni vigumu sana kurudi nyuma. Tumepokea wateja waliokuja na hoja safi na saini tayari iko chini. Hatukuwa na la kuwasaidia.

Mabaki ni yako au yao?

Ukilipwa thamani kamili, mabaki huwa ya bima, nao huyauza. Kama unaipenda pikipiki yako au una fundi wa kuaminika, omba kubaki nayo. Watakata thamani ya mabaki kwenye malipo. Kwa hesabu yetu ya juu: 100, toa 35 ya mabaki, toa pia kile kiasi ambacho mkataba unasema utabeba mwenyewe katika kila dai, tuseme 10. Unabaki na 55 mkononi na pikipiki uwanjani. Matengenezo waliyokadiria ni 68 kwa vipuri vipya. Kwa vipuri vilivyotumika vizuri yanaweza kushuka, ila mwambie fundi apime fremu kwanza kabla hujaingia kwenye ndoto hiyo.

Uliza 35 ile imetoka wapi. Kuna mnunuzi aliyeitaja, au ni makadirio tu? Na iwe ile ile waliyotumia kutangaza hasara kamili. Tumewahi kuona ripoti yenye thamani moja ya mabaki kwenye ukurasa wa kwanza na kubwa zaidi kwenye ukurasa wa makato.

Na si kila mabaki yanaruhusiwa kurudi barabarani. Uingereza, tangu Oktoba 2017, vyombo vya hasara kamili vimegawanywa kwa herufi A, B, S na N. Vya A na B haviruhusiwi kurudi tena barabarani. S ni vilivyoumia muundo na N ni visivyoumia muundo, na vyote viwili vinaweza kutengenezwa. Popote ulipo, uliza usajili utaandikwaje, ukaguzi gani unatakiwa, na kama kuna bima itakayokubali kuikatia tena. Pikipiki yenye historia hiyo huuzwa kwa bei ya chini hata ikitengenezwa ikang'aa.

Mambo mengine kwa haraka. Kama pikipiki ni ya mkopo, bima huanza kumlipa aliyekukopesha, na deni likizidi malipo, salio linabaki kwako. Kama ada ya bima unailipa kwa awamu, awamu zilizobaki huweza kukatwa. Vitu ulivyoongeza, kama masanduku ya pembeni au gadi za injini, hulipwa kama ulivitaja wakati wa kukata bima. Na kama ulikata bima ya matumizi binafsi huku pikipiki inabeba abiria kwa malipo, tatizo lako ni kubwa kuliko thamani, na tutakwambia hivyo kabla hujatulipa chochote.

Kama kosa ni la mtu mwingine mwenye bima, hali hubadilika kidogo kwa manufaa yako. Unapomdai yeye kupitia bima yake, kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba wako hakikufungi, na unaweza kudai pia lile fungu ulilobeba mwenyewe na, penye sheria inayoruhusu, kipato ulichokosa.

Bima ikikataa kabisa kusogea, soma kipengele cha usuluhishi kwenye mkataba. Baadhi huruhusu kila upande kuteua mthamini wake na wawili hao kumteua wa tatu wa kuamua. Baada ya hapo kuna malalamiko rasmi ndani ya kampuni, kisha chombo kinachosuluhisha migogoro ya bima pale kilipo. Angalia siku za mwisho za kila hatua, na angalia pia yadi ilipolala pikipiki: kama inatoza kwa siku, waulize bima nani analipa wakati mkiendelea kubishana.

Sisi tunachofanya ni kukagua mabaki, kusoma ripoti ya mkadiriaji mstari kwa mstari, na kuandika ripoti yetu ya hali ya pikipiki kabla ya ajali. Tunatoza ada moja iliyotajwa mwanzoni, si asilimia ya kitakachopatikana, ili tusiwe na sababu ya kukuza namba. Mara nyingine tunasoma tunaona kiasi ni cha haki. Tunasema, na mteja anaondoka bila kununua ripoti.

Ukija, beba mkataba wa bima, barua yao, kadi ya usajili, risiti zote ulizonazo hata zilizokunjamana, na simu yenye picha za zamani. Pikipiki usiifungue wala kutoa kipuri chochote mpaka mkadiriaji wao aione na aandike kwamba ameiona.