Kitambaa cha drafti nacho kinadariziwa

Mhariri, salamu. Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa nyumbani uliofundisha kupamba vitambaa vya meza kwa mshono wa msalaba. Nimefurahi kuuona maana siku hizi ukurasa huo ni keki na kucha tu, lakini jamani kusema lazima mtu awe na kitambaa cha Aida ndo aanze, hapo mmewakatisha watu tamaa kabla hawajashika hata sindano. Mtu yuko Mpanda huko Aida anaipata wapi, na akiipata ataionea huruma, hataiweka chini ya bakuli la mchuzi.

Aida ni nzuri sibishi, imefumwa na vitundu vyake tayari, huhangaiki kukisia. Ila drafti ya pamba, ile ya viboksi wanayoshonea watoto yunifomu, inafanya kazi hiyohiyo, kila kiboksi kinabeba msalaba mmoja pembe kwa pembe basi. Chukua yenye viboksi vinne kwa inchi na upime kwa rula kabla hujalipa, maana kuna drafti kiboksi chake si mraba, ua likiisha unakuta limerefuka tu. Uzi mweupe kwenye viboksi vilivyokolea unatoka vizuri mno, kwa mbali mtu anadhani umeweka lesi.

Alafu ile picha ya ua mliyochapa haina kipimo. Nimeihesabu, ina misalaba 56 kwa upana. Kwenye Aida ya vitundu 14 kwa inchi hilo ni ua la inchi 4, lakini kwenye drafti niliyoisema ni inchi 14, yaani limemeza stuli nzima! Msomaji ataanza kwa furaha, akifika katikati kitambaa kimeisha na petali bado. Andikeni tu idadi ya misalaba upana na urefu, mtu atagawanya mwenyewe. Na kwa drafti bora mtupe pindo na vinyota vya misalaba saba nane, maua makubwa waachieni wenye Aida.

Kingine ambacho hamjagusa kabisa ni huu mguu wa juu wa msalaba, yaani ule mshono unaopita juu ya mwenzake. Yote ilale upande mmoja kitambaa kizima, usichanganye, kwasababu uzi wa kudarizi unang'aa na ukilaza huu kulia ule kushoto kazi inaonekana kama ina mabaka hata kama hesabu iko sawasawa. Mimi mstari mrefu naenda na nusu zote hadi mwisho ndo narudi nazifunga. Na fundo nyuma hapana, kitambaa cha meza si picha ya ukutani, glasi ikikaa juu ya fundo inayumba, ficha ncha ya uzi chini ya mishono mitatu minne inatosha.

Kufua ndo msiseme. Kitambaa kifuliwe kabla ya kudarizi kwasababu pamba inarudi, ukidarizi kwanza kikirudi baadae kazi yote inajikunja. Uzi mwekundu loweka maji ya baridi ubadilishe mpaka yatoke safi, la sivyo maua yako yatakuwa pinki pamoja na meza. Pasi piga upande wa nyuma, chini umetandika taulo, misalaba isilale.

Na mwisho hiyo picha yenu ua liko katikati ya meza kabisa, sasa hapo si ndo hotipoti inakaa? Pambo liwekeni kwenye kona na sehemu inayoning'inia, mgeni analiona akiwa amekaa na wali hauligusi. Naomba toleo lijalo mtuwekee pindo moja tu la drafti lenye hesabu yake, nina wanawake kanisani wameshanunua vitambaa wanasubiri.

Msomaji wenu,
Morogoro