Kabla hujanunua pawasoo

Kawangware, Nairobi

Mpendwa Baba Imani,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima, Mama Neema na watoto wanawasalimu nyote. Mawingu ya masika yameanza kukusanyika upande wa Ngong, kwa hivyo simu yangu haipumziki: kila mwenye mti mrefu karibu na paa amekumbuka leo kwamba ana mti.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unataka kuanza kazi ya kukata miti kama hii yangu, na kujua ununue pawasoo gani, yaani msumeno wa injini, ukipata ule mkopo wa Sacco. Nitakuambia, lakini hilo ni swali la mwisho. Kabla ya pawasoo kuna kamba, kuna watu, na kuna matawi yatapelekwa wapi. Hapo ndipo kazi hii inapokulipa au inapokufilisi.

Anza na bei. Usitaje bei ukiwa langoni, hata mteja akikubana. Ingia ndani, uzunguke mti, na utazame chini kabla ya kutazama juu. Kuna tangi la maji? Paa la vigae? Ukuta wenye nyaya za umeme? Bomba la maji taka linapita wapi? Mkaratusi ulio kwenye shamba tupu huko kwenu unauangusha mzima kabla ya chai ya saa nne. Mkaratusi wa unene uleule, ukiwa katikati ya nyumba mbili Kileleshwa, unashushwa kipande kwa kipande siku nzima, pengine mbili. Mteja anaona mti mmoja. Wewe lazima uone kazi mbili zisizofanana hata kidogo.

Kushusha kwenyewe kunaendaje? Mpandaji anapanda na kamba mbili, moja yake mwenyewe na moja ya tawi. Ya tawi anaipitisha kwenye panda ya juu, inashuka hadi kitako cha mti, na hapo mtu wa chini anaizungusha kwenye shina mara mbili au tatu. Kisha mpandaji anakata tawi kwa chini kwanza, kama theluthi ya unene wake, halafu anakata kwa juu, mbele kidogo kuelekea nchani. Tawi linavunjika bila kuchuna gome la shina, linaning'inia, na mtu wa chini analegeza kamba taratibu huku msuguano wa shina ukimbebea uzito. Akijaribu kulishika kwa mikono mitupu, tawi bichi la mkaratusi litamwinua juu au litamchoma viganja. Huyo wa chini mlipe vizuri, Baba Imani. Watu hutazama juu na kumsifu mpandaji, na kumbe maisha ya mpandaji na vigae vya mteja vyote viko mikononi mwa aliyeshika kamba.

Na kamba iliyowahi kushusha matawi isimbebe mtu tena kamwe. Imeshtuliwa na uzito mara nyingi, na ndani imechoka hata kama nje inang'aa. Kamba ya katani pia iache, huoza bila kukuonya. Nunua iliyosukwa ya nailoni au poliesta, na kwa mpandaji tafuta mkanda kamili wa kiuno na mapaja. Pesa za kwanza za mkopo wako ziende huko.

Sasa matawi. Mti ukiwa umesimama huonekana mdogo, ukilala chini unajaza uwanja wote. Lori la kanta ukilijaza matawi yasiyokatwakatwa umelipa mafuta kubeba hewa, kwa hivyo weka vijana wawili wa panga wayapunguze na kuyalaza vitako upande mmoja. Jaa la taka la Dandora ni mbali na foleni unaijua. Ndiyo maana natafuta mwenye kuyataka kabla sijaanza kukata. Kuni za mkaratusi na grevilia zina wanunuzi, hasa shule na wachoma nyama. Grevilia iliyonyooka inapasuliwa mbao. Jakaranda huchukuliwa na wachongaji wa vinyago. Lakini andikianeni na mteja mapema magogo ni ya nani, hata kwa ujumbe wa simu. Nimeona watu wakigombana juu ya gogo zaidi kuliko walivyogombana juu ya malipo. Kisiki nacho kiwe na bei yake peke yake, kwa sababu mteja atakuambia “mmalizie tu hapo” kana kwamba mizizi hung'oka kwa kuombwa.

Umeme sina mzaha nao. Laini nyingi za mitaani hapa hubeba volti 11,000, na tawi bichi limejaa maji, linapitisha umeme. Si lazima hata liguse waya, kukaribia kunatosha. Mti ukiwa umeingia kwenye laini, mwambie mteja aombe kampuni ya umeme izime, na msubiri. Akisema jirani yake alikatiwa bila kuzima, mtakie heri uondoke.

Nyuki nao. Kabla mtu hajapanda, simama jua likiwa kali utazame kila tundu la shina kwa utulivu. Ukiona zinaingia na kutoka, hakuna kazi siku hiyo. Mlio na mtikisiko wa pawasoo huzichokoza vibaya, na mpandaji aliyefungwa juu hana pa kukimbilia. Mwite mfuga nyuki azihamishe jioni. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni hatari kubwa, vaeni miwani. Vumbi la grevilia linawasha ngozi za watu wengine, mikono mirefu inasaidia.

Kuna jambo moja ambalo ningependa uanze nalo tofauti na wengi hapa mjini. Wateja watakuomba “ukate kichwa” cha mti ili usiwaangukie. Wapinge kwa upole. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi marefu yaliyoshikilia juu juu tu pembeni mwa kidonda kinachooza, na miaka michache baadaye hayo ndiyo yanayoangukia gari. Pogoa badala yake: ondoa makavu, punguza mazito, na kila tawi likate nje kidogo ya ule uvimbe unaolizunguka linapotoka kwenye shina. Usiache kigingi, wala usichonge uvimbe wenyewe. Usipake rangi wala lami. Mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, alipasua miti mingi kwa pawasoo kutazama ndani, na mwaka 1977 akaeleza kwamba mti hauponyi sehemu iliyooza, bali unaizungushia ukuta na kuota mpya juu yake. Ule uvimbe ndio unaojenga ukuta huo. Mimi nikipita Loresho nikaona mjakaranda niliopogoa umefunga kidonda kwa duara safi, nafurahi kuliko siku niliyolipwa.

Vibali. Hapa jijini hata mti wa ndani ya boma la mtu unataka ruhusa ya kaunti, na magogo yakitoka barabarani yanataka kibali cha kusafirisha kutoka Shirika la Misitu. Tembea navyo. Hili ni jiji ambalo Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakitetea msitu wa Karura, na ambalo Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri mugumo wa Waiyaki Way, mti mtakatifu kwa Wakikuyu, usikatwe kupisha barabara ya Expressway. Watu wakisikia pawasoo wanatoka nje na simu za kupiga picha, na mimi naona ni haki yao. Waonyeshe karatasi, waeleze mti una kasoro gani. Wengine wamekuwa wateja wangu kwa njia hiyo. Mugumo wenyewe, mpandaji wangu mmoja haugusi kwa sababu ya heshima aliyolelewa nayo, na sijawahi kumlazimisha.

Bima usiiache kwa sababu “ni vibarua tu”. Sheria ya fidia ya wanaoumia kazini ya mwaka 2007, hii tunayoiita WIBA, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Kata pia ya kulipia mali ya watu, maana ukuta wa Runda ukibomoka hautalipwa na Sacco yako. Gharama hizo ziweke ndani ya bei tangu mwanzo. Ndiyo, kuna watakaokushinda kwa bei nafuu, watu wa ngazi na panga. Waache wachukue kazi hizo.

Malipo: nusu kabla ya kamba kupanda, nusu kabla kanta haijatoka langoni. Kampuni zinazosimamia magorofa zina kazi nyingi nzuri lakini hulipa taratibu mno, na bila ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, hawakutazami. Usiwe na zaidi ya moja kama hiyo kwa wakati mmoja mpaka mfuko wako ukomae. Mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka, kodi ya mauzo ni asilimia 3 ya unachouza, si ya faida, kwa hivyo ihesabu unapopanga bei. Januari usitarajie chochote, watu wanalipa karo. Februari na Machi, kabla ya masika, ndiyo mavuno, kisha Oktoba kidogo kabla ya vuli. Katikati ya mvua simu ni nyingi lakini gome linateleza. Mti ulioanguka chini nitakwenda kuukata, uliosimama na kulowa utasubiri.

Sasa pawasoo. Nunua ndogo, ya ubao wa inchi 14 au 16, iwe ya kampuni ambayo vipuri vyake unavipata mjini bila kuagiza. Kubwa kodisha siku ya shina nene. Mafuta changanya 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, isipokuwa chupa ya oili iseme vingine. Jifunze kunoa mnyororo kwa tupa wewe mwenyewe: ukitoa vipande vya mti uko sawa, ukitoa unga umekuwa butu, na mnyororo butu humfanya mtu asukume, na anayesukuma huteleza.

Mkopo usiuguse bado. Wiki ijayo tuna mkaratusi wa Kitisuru, uko juu ya nyumba ya mlinzi. Njoo na viatu vigumu, nitakuweka kwenye kamba ya chini siku nzima, halafu jioni tukae tupige hesabu ya kazi hiyo pamoja. Nipigie kabla ya Ijumaa nijue kama nikutengee helmeti.

Msalimie Mama Imani na wazee.

Rafiki yako,
Baba Neema