Kuinua pua ya pikapu hakutoshi kuingiza tairi kubwa

Mhariri,

Kila swali la matairi makubwa kwenye pikapu linapojitokeza katika kurasa za magari, jibu huwa lilelile: inua pua inchi mbili, funga tairi la inchi 33, kazi imekwisha. Jibu hilo linauza spesa (vipande vya kuinulia pua) na matairi vizuri sana, lakini limewaachia wengi plastiki za madigadi zilizochanika na tairi jipya lililochimbika begani. Tunaomba nafasi tulisahihishe, maana tairi halisugui kwa bahati mbaya. Linasugua kwa vipimo vinavyoweza kujulikana kabla mtu hajatoa hela.

Pikapu hutoka kiwandani pua ikiwa chini kuliko nyuma, aghalabu kwa inchi moja hadi mbili na nusu, ili ikipakiwa mzigo ikae sawa. Kuisawazisha ni kuinua mbele peke yake, na njia ya bei nafuu ni spesa inayowekwa juu ya shokapu. Kwa kuwa shokapu hushika mkono wa chini wa sasipensheni karibu na katikati, spesa ya milimita 25 huinua pua karibu mara mbili ya unene wake. Gari likisimama, nafasi juu ya tairi inaonekana pana, mtu anaingiza ngumi na kuridhika. Nafasi hiyo ni ya gari lililosimama tu. Kwenye magari ambayo raba ya kikomo, ile inayolizuia gurudumu lisipande zaidi, imefungwa kwenye chesisi, springi ikibanwa hadi mwisho gurudumu linapanda mpaka palepale lilipokuwa likipanda zamani, spesa iwepo isiwepo. Kwenye yale ambayo raba iko ndani ya shokapu, spesa inashusha kikomo kidogo. Kwa vyovyote vile, tairi pana lenye kipenyo kikubwa litakutana na bodi siku gurudumu moja litakapoingia shimoni usukani ukiwa umekatwa.

Tuanze na hesabu ya tairi lenyewe. Saizi ya 265/65R17, ambayo pikapu nyingi huja nayo, ina kipenyo cha milimita 776. Ukienda 265/70R17 unapata 803, na 285/70R17 ni 831, ambayo ndiyo wauzaji huiita inchi 33 ingawa haifiki. Kinachohusu kusugua ni nusu ya tofauti: milimita 13 kwa 265/70, 27 kwa 285/70, kuelekea mbele, nyuma na juu. Upana wa 285 unaongeza milimita 10 kila upande. Hizo ni namba za karatasi. Tairi la matope lenye meno yanayoshuka hadi begani litasugua mahali ambapo tairi la lami la saizi ileile linapita bila shida, na upana nao hubadilika kwa takriban milimita 5 kwa kila nusu inchi ya upana wa rimu.

Sasa rimu, na hapa ndipo uharibifu mwingi unapoanzia. Namba iliyochapwa nyuma ya rimu baada ya herufi ET ndiyo ofseti, yaani umbali kati ya uso unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na katikati ya upana wa rimu. Chukua mtu aliyetoa rimu ya inchi 7.5 yenye ET 30 akafunga ya inchi 9 yenye ET 0 kwa sababu inapendeza ikitokeza nje. Ukingo wa nje umesogea milimita 49: 30 za ofseti na 19 za nusu ya upana ulioongezeka. Ubaya wake haupo kwenye kutokeza tu. Gurudumu linapokatwa huzunguka kwenye mstari unaopita kwenye boljointi ya juu na ya chini, yaani viungo vyenye kichwa cha mviringo vinavyoliruhusu gurudumu kugeuka, na kadiri linavyokaa mbali na mstari huo ndivyo linavyofagia eneo kubwa zaidi. Ukikata kushoto, gurudumu la kushoto linarudi nyuma kuelekea kebini na la kulia linasogea mbele kuelekea kona ya bampa. Kwa gurudumu lililokatwa nyuzi 35, milimita 30 za ofseti zinalirudisha nyuma kwa milimita 17 zaidi. Yaani rimu peke yake imekula nafasi kubwa kuliko ile iliyoliwa na kuhama kutoka 265/65 kwenda 265/70. Ndiyo maana pikapu mbili zinazofanana, zenye tairi moja na spesa moja, moja inasugua na nyingine haisugui, na wenye nazo wanabishana mchana kutwa.

Ushauri wetu ni kubaki na ofseti ya kiwandani au kuipunguza kwa milimita 10 hadi 15, basi. Punguzo hilo dogo lina kazi yake: tairi la 285 kwenye ofseti ya kiwandani linaweza kukaribia mno mkono wa juu wa sasipensheni au upau wa kuzuia kuyumba. Pima pale kwanza, halafu ndipo uamue.

Jambo jingine ambalo halitajwi ni kasta, yaani mlalo wa ule mstari wa boljointi ukitazamwa kutoka ubavuni. Pua ikiinuka, kasta mara nyingi hupungua, usukani unakuwa mwepesi na haurudi wenyewe vizuri baada ya kona. Wili alaimenti (kupanga upya pembe za magurudumu) baada ya kuinua ni lazima kwa hiyo, lakini mwambie fundi jambo moja zaidi: mkono wa chini una bolti mbili za kurekebishia, zile zenye washa za vistari, na kuna njia zaidi ya moja ya kuifikia namba anayoitafuta. Azipange ili boljointi ya chini isogee mbele kadiri kemba (gurudumu kuinama ndani au nje) itakavyoruhusu. Kasta inaongezeka, na gurudumu zima linasogea mbali na kebini kwa milimita kadhaa, ambazo mara nyingi ndizo zilizokuwa zikikosekana. Mikono ya juu ya kununua, ile inayovuta boljointi ya juu nyuma, inarudisha kasta lakini hailisogezi gurudumu mbele. Anayeinunua ili tairi lisisugue atashangaa.

Kabla ya kununua matairi manne, azima moja. Weka gari kwenye stendi, toa springi na shokapu upande mmoja (raba ya kikomo ikiwa ndani ya shokapu, toa springi tu na urudishe shokapu na spesa), fungua kiungo cha upau wa kuzuia kuyumba, funga tairi, kisha inua mkono wa chini kwa jeki mpaka raba ya kikomo ibanwe. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, ukisimama kila robo mzunguko na kutazama sehemu nne: kona ya bampa, plastiki ya ndani ya madigadi kwa nyuma, mshono wa bati ulio chini yake karibu na ubao wa kupandia, na kishikio cha kebini kwenye chesisi. Bandika vidonge vya udongo laini mahali pasipoonekana vizuri. Unene wa kilichobaki baada ya tairi kupita ndio nafasi uliyonayo. Ikiwa chini ya milimita 15, ihesabu kama sifuri, kwa sababu bushi zinajikunja, tairi linabonyea, na matope yanaganda. Ukiwa hapohapo, rudisha springi na shokapu pamoja na spesa, kisha shusha gurudumu hadi chini kabisa uone kama mpira wa breki na waya wa ABS vinakazwa, na kama mkono wa juu unagusa springi, maana spesa imeongeza mwendo wa kushuka kuliko kiwanda kilivyokusudia. Ukiinua pua zaidi ya inchi mbili na nusu kwa spesa, pembe za boljointi na za shafti za mbele zinakuwa kali, na raba za kuhifadhi grisi huanza kupasuka.

Palipogusa, anza na plastiki. Toa mkia wa tope wa mbele, au ukate ule mfupi upya. Plastiki ya ndani ipashe moto kwa bunduki ya hewa ya moto mpaka ilainike, isukume kwa kipande cha mbao, ishikilie hapo mpaka ipoe. Usitumie moto wa gesi. Nyuma yake hupita nyaya, na mara nyingine liko tangi la maji ya waipa. Kona ya chini ya bampa ikatwe kidogo kidogo, ukijaribu kila hatua. Mshono wa bati unakunjwa kwa nyundo kuelekea nyuma, na kazi haijaisha hapo: rangi na silanti zimepasuka, kwa hiyo paka praima, silanti, kisha rangi siku hiyohiyo, la sivyo kutu itaingia ndani ya kizingiti cha mlango usiione mpaka bati litoboke.

Kishikio cha kebini kiwe cha mwisho kabisa. Kinakatwa kona ya mbele tu, bila kuikaribia bolti wala bushi, kisha uwazi unafungwa kwa bati la milimita 3 lililochomelewa pande zote. Betri itolewe waya kabla ya kuchomelea. Tumeona vishikio vilivyokatwa kwa grainda vikaachwa wazi. Hiyo ni sehemu inayoishika kebini ising'oke kwenye chesisi gari linapogonga, na kuiacha wazi kama kopo ni uzembe ambao hatuna neno la upole la kuuelezea. Asiye na mchomeleaji mzuri achukue tairi dogo zaidi, na hatapoteza chochote cha maana.

Wapo wanaofunga vizuizi vya usukani ili gurudumu lisifike mwisho. Haisugui tena, ni kweli, ila gari linahitaji uwanja kugeuka.

Kuna mambo ambayo si ya kusugua lakini yanakuja na kazi hiyohiyo. Taa ni la kwanza. Gari lenye magurudumu yaliyoachana mita 3, likiinuliwa mbele inchi mbili, mwanga wake unapanda takriban sentimita 40 kwa kila mita 25 za mbele, sawasawa na macho ya dereva anayekuja. Ukipakia mzigo nyuma ndiyo balaa zaidi, maana ule mteremko wa pua uliokuwa umewekwa kwa ajili ya mzigo umeshautumia. Taa zirekebishwe siku ileile, na anayebeba mzigo kila siku afikirie springi za nyuma au aache kusawazisha. Spidomita nayo itadanganya: kutoka 776 hadi 831, iliyokuwa sahihi ikionyesha 100 unakwenda 107, na kilomita za gari zinahesabiwa pungufu vilevile. Namba ya uzito kwenye ubavu wa tairi isishuke chini ya ile ya kiwandani. 112, kwa mfano, ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Na matairi yenye herufi LT yanahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule, kwa hiyo kibandiko cha mlangoni hakitoshi tena.

Nati zikazwe upya kwa spana ya vipimo baada ya kilomita 50 hadi 100, hasa rimu zikiwa mpya.

Mwisho kabisa, spea. Tairi la 831 mara nyingi halikai chini ya bodi mahali pa lile la zamani, kwa hiyo linabaki nyumbani na dereva anasafiri na dogo. Siku ya pancha, atafunga tairi la 776 upande mmoja na la 831 upande wa pili, aweke gia ya magurudumu yote kwenye sehemu kavu, na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) itaanza kusaga. Anayenunua matairi makubwa anunue matano, na atafute kwanza la tano litakaa wapi.

Wako,
Mafundi wa chesisi na sasipensheni