Kuunda kifaru si kuchezea wanasesere

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu aliyesema kuunda vifaru vidogo vya vita, vya mfano, ni kuchezea wanasesere, namkaribisha karakana kwangu hapa Dorset, Uingereza. Mimi ni fundi mchundo mstaafu, mzaliwa wa Tanga. Naunda Tiger, kifaru cha Kijerumani cha Vita Kuu ya Pili, chuma kitupu, sehemu moja ya sita ya ukubwa halisi, nikifuata ile iliyotekwa Tunisia mwaka 1943, ambayo sasa iko makumbusho ya vifaru ya Bovington, hapa hapa Dorset. Mnyororo mmoja wa kutembelea kifaru una pingili 96. Kila pingili nimeipiga tupa mpaka pini ikapita bila nyundo. Ikibana hata kidogo, mnyororo haukunjiki kwenye gurudumu. Miezi minne, minyororo tu! Mjukuu wangu kajifunza kushika tupa hapo hapo. Naomba mtenge ukurasa wa kazi za mikono.

Fundi mstaafu,
Dorset