Taa za helmeti, msiziache nyumbani

Wapendwa wa baiskeli, habari za jioni. Giza linaingia mapema siku hizi na bado naona wengine wanakuja na taa moja tu ya kwenye usukani, jamani hiyo haitoshi. Taa ya helmeti inakaa juu, dereva anaweza kukuona hata kama kuna gari jingine katikati yenu, na ukigeuza shingo mwanga nao unageuka, kwa hiyo ukifika njia panda unacheki pembeni na yule anayetaka kuingia barabarani anajua kuna mtu anakuja. Ila msimmulike mtu machoni!! Inamisha kidogo mwanga uangukie barabarani mbele yako, na ukitaka kuongea na mwenzako kwenye msafara usimgeukie taa ikiwa inawaka fulu. Mbele nyeupe, nyuma nyekundu. Na taa za baiskeli yenyewe zibaki palepale, hii ni ya kuongezea tu. Chukua nyepesi, ya kufunga kwa mkanda, helmeti msiitoboe kabisa maana inapungua nguvu. Kukiwa na baridi chaji inaisha haraka, jazeni kabla ya kutoka. Nani hana ya nyuma? Aseme hapa, ninayo ya ziada.